Ukoo wa K-17

Alhamisi, 19 Juni

Kuku ishirini leo. Saa moja asubuhi nilikuwa sokoni tayari, baridi ya kuuma masikio, vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu. Kipande cha ngozi ya shingo, mfuko, namba, ndani ya deli la barafu. Kipande, mfuko, namba. Wauza kuku wameshanizoea. Mmoja alianza kuniita Dada Shingo, sasa soko zima linaniita hivyo. Nimesomea maabara miaka mitatu ili niitwe Shingo.

Mfuko wa K-17 umechanika njiani. Maji mekundu yalijaa chini ya deli, yakaingia hadi kwenye kile kitundu cha kutolea maji. Kipande nimekihamishia mfuko mwingine na kukiotesha maabara pamoja na wenzake, nione kina bakteria gani. Nimekasirika. Mifuko hii ni myembamba, nimesema tangu Aprili, hakuna anayesikia.

Mchana Mkuu wa maabara alitaka niandike lengo la mradi kwa mstari mmoja, kuna wageni wanakuja. Nimeandika: kujua bakteria wa salmonela wanaokaa kwenye vyakula vya Songea ni wa koo ngapi. Akasema niandike kitaalamu. Nikatia neno vinasaba. Akaridhika.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya kuosha deli. Utaratibu unasema sabuni, suuza, jiki ya kuua vijidudu nusu saa, suuza, jua. Jiki imekwisha stoo tangu Jumanne. Nimelisugua kwa sabuni ya unga mara mbili, nimelianika, kisha nimeweka tiki kwenye daftari la usafi pale palipoandikwa jiki. Sote huwa tunaweka. Jiki huwa inachelewa, na kazi haisimami.

Saa kumi Mama Tekla alikuja getini. Binti yake Tekla anapokea komunyo ya kwanza Jumapili, na jumuiya yetu ya kanisa, ya Msamala, inapikia kwake. Anaomba lile deli kubwa la bluu. Nikamwambia kifaa cha maabara hakitoki. Akasema, basi dada, tusikusumbue.

Naijua hiyo tusikusumbue. Kesho yake ingekuwa Editha anaringa, Editha kasahau nani walimchotea maji na kumpikia alipofiwa na mama yake. Nimempa. Limekauka, linang'aa. Nimesema lirudi Jumatatu kabla ya saa mbili.

Jumapili, 22 Juni

Nilikuwa zamu asubuhi. Nimefika kwenye sherehe saa tisa, watu wameshashiba na kwaya imeshakauka sauti. Tekla amevaa gauni jeupe na sweta la shule juu yake, mama yake amekataa kubishana na baridi. Miaka kumi, meno mawili ya mbele makubwa, anacheka na kila mtu.

Nimekula kitimoto cha Mama Nyoni, nguruwe wa kukaanga. Vipande sita, sioni haya. Yeye ana banda lake kwenye njia panda, na hakuna sherehe ya jumuiya ambayo nyama yake haipiti mikononi mwake. Anakaanga, anafukuza wanaochungulia jikoni, hakai chini mpaka mgeni wa mwisho ale. Matunda nimeyakosa. Tikiti na papai, yaliyokatwa tangu jana jioni, ya baridi kabisa, wananitania kwamba wahi siku nyingine.

Siku nzuri. Niliihitaji.

Jumanne, 24 Juni

Deli lilirudi jana mapema, limesuguliwa kuliko nilivyolitoa.

Leo foleni ya vikopo vya choo imefika mlangoni. Nikainua macho na kukuta nyuso zilezile za Jumapili. Mwenyekiti wa jumuiya amejikunja kwenye benchi, mzee wa watu hakuitikia hata shikamoo yangu. Homa, kuhara, tumbo la kukata. Tekla amelazwa wodi ya watoto, dripu mkononi. Macho yameingia ndani.

Mimi mzima. Hata kichwa hakiumi. Naona aibu kuwa mzima.

Jumatano, 25 Juni

Bwana Sefu, yule bwana afya aliyehamia kutoka Tanga mwaka jana, ameleta kipande cha nyama kutoka banda la Mama Nyoni. Amekileta ndani ya mifuko mitatu, mkono ameunyoosha mbele. Akasema yeye Mwislamu, haili, ila hana ugomvi nayo. Watu watasema nimeifuata kwa ajili ya dini yangu, akasema, kwa hiyo dada pima vizuri.

Nampenda kwa hilo. Lakini nyama ya Jumapili ililiwa ikaisha. Hii ni ya nguruwe mwingine kabisa, wa juzi. Nimemwambia. Akasema hana nyingine ya kunipa.

Ijumaa, 27 Juni

Wagonjwa: salmonela. Nyama ya banda: salmonela.

Fomu ina visanduku viwili tu, ipo na haipo. Nimeweka ipo, nimeweka ipo, nimetia sahihi. Saa nane banda la Mama Nyoni limefungwa, karatasi imebandikwa mlangoni.

Nilijaribu kumweleza Bwana Sefu. Salmonela ni jina la ukoo. Songea hii ukisimama stendi ukaita Komba, watageuka watu kumi, na pengine hakuna anayemfahamu mwenzake. Komba akiiba Mfaranyaki, huendi kumkamata Komba mwingine aliyekaa kwake Lizaboni anakula ugali. Mpaka umjue baba yake, babu yake, nyumba yake. Kwa bakteria hiyo ina maana ya kusoma vinasaba vyao herufi kwa herufi, na mashine ya kazi hiyo iko Dar. Akasikiliza mpaka mwisho, mtaratibu kama kawaida yake. Kisha akasema, nimekuelewa dada, ila nina watoto wodini na nina nyama yenye vimelea, ungekuwa mimi ungeacha wazi?

Nisingeacha. Ila sehemu ya maoni kwenye fomu nimeiacha tupu. Ningeweza kuandika mistari miwili pale. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitaandika baadaye, na fomu ikachukuliwa.

Jumapili, 29 Juni

Jumuiya imekutana. Mama Nyoni alikuja, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Alikaa kwenye benchi la watu wanne. Alikaa peke yake. Wakati wa kutakiana amani watu walishikana mikono wakampita, wengine walijifanya wanatafuta kitabu.

Mimi nilimpa mkono. Sijioni shujaa. Sahihi kwenye ile fomu ni yangu.

Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wanauza nyama ya nguruwe waliojifia. Hakuna aliyemkanya, hata mimi.

Jumanne, 1 Julai

Nimefungasha. Bakteria wa wagonjwa tisa, wa nyama ya Mama Nyoni, na wote tuliowapata tangu Aprili kwenye kuku, maziwa na dagaa wa Nyasa. Mradi ulikuwa utume mwishoni mwa mwezi, nimemwomba Mkuu tutume sasa. Amekubali. Wameondoka na basi la asubuhi. Watu wa Dar wamesema wiki mbili.

Tekla bado yuko wodini. Dawa ya kwanza haikumsaidia, wamebadilisha. Mama yake analala sakafuni pembeni ya kitanda, kwenye kanga. Nikipita ananiuliza, dada, majibu? Nasema bado. Nimeanza kuzunguka kwa nyuma ya jengo ili nisipite pale.

Ijumaa, 4 Julai

Mama Nyoni amekuja kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kanga begani, akasema amepika kwa miaka ishirini na tatu, amepikia misiba ya nusu ya watu wanaompita kanisani. Wakwe wa binti yake wa Lusewa wametuma salamu kwamba posa isubiri. Posa isubiri, kwa sababu ya nyama. Akaniuliza swali moja tu. Ni nyama yangu?

Nikasema sijui, majibu yanakuja. Akasema, lakini wewe unaonaje?

Nikasema naona si yako.

Akatikisa kichwa, akaondoka. Sikupaswa kusema. Ila ndivyo ninavyoona. Mimi nilikula vipande sita.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, sikukuu. Tekla ametoka hospitali juzi. Nimekwenda kumwona asubuhi na mkate. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini amekula uji na kuuliza kama ataruhusiwa kuvaa tena lile gauni. Nilifurahi sana. Nakumbuka kwamba nilifurahi, ilikuwa dakika kumi hivi.

Mama Tekla alinitilia chai akaanza kunishukuru. Kwa kuja. Kwa kupima. Na kwa lile deli, akasema, tulikutaabisha bure lakini lilitufaa. Tuliona sufuria zetu zina masizi, mabeseni tumefulia nguo, wakati deli limetoka hospitali, jeupe ndani. Tukamwaga matunda humohumo, tikiti na papai, tukafunika. Jumamosi jioni hiyo. Barafu tuliweka juu kidogo, ilikuwa imeyeyuka asubuhi.

Nilishika kikombe. Niliendelea kukishika. Nikauliza, humohumo? Bila beseni? Akasema humohumo dada, si ndicho chombo kisafi kuliko vyote mtaani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia.

Jumanne, 8 Julai

Ninaandika ili nione.

Waliougua wote walikula matunda? Nimeuliza kijanja, watu watano. Wote walikula. Mwenyekiti aliyarudia mara mbili. Mama Nyoni mwenyewe hakuyagusa, hakai chini. Mzima. Mimi niliyakosa. Mzima.

Deli lilibeba kuku Alhamisi. Mfuko wa K-17 ulichanika. K-17 ameotesha salmonela, ninaye kwenye friza, na nakala yake iko Dar.

Kitundu cha kutolea maji. Sikukichokonoa.

Tiki ya jiki iko kwenye daftari la usafi, kwa mkono wangu, tarehe ishirini.

Inawezekana si hivyo. Kuna kuku wengi Songea. Tikiti lenyewe hufika likiwa na uchafu wa shamba, kisu hupitisha uchafu ndani. Inawezekana kabisa. Nimejiambia hivyo tangu asubuhi na siamini.

Alhamisi, 10 Julai

Sijala vizuri siku tatu. Mkuu ameuliza kama nina malaria. Nimesema huenda. Amenipima mwenyewe. Hakuna.

Ijumaa, 11 Julai

Nitaliandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayelisoma. Leo saa nne nilimpigia yule kijana wa Dar anayeshughulikia sampuli zetu. Nikamwambia K-17 amtoe. Nikasema mfuko wake ulichanika, sampuli imeharibika, haifai kuingia kwenye uchambuzi. Kila neno lilikuwa la kweli. Na nilikuwa naongea uongo.

Akasema pole dada, umechelewa, wote wameshaingia kwenye mashine.

Nilikaa stoo nyuma ya maboksi ya glovu mpaka saa sita. Mama Nyoni anasubiri mlangoni kwake akinitegemea mimi. Mimi nilikuwa napiga simu kuuficha ushahidi wake. Najichukia leo. Sina neno lingine.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda jumuiya. Nimesema naumwa.

Jumatano, 16 Julai

Majibu yamekuja kwa barua pepe saa tano. Mkuu alinipigia kelele kutoka ofisini kwake, njoo uone mti wako.

Mti wa ukoo wa bakteria wote tuliotuma. Matawi yamelala kama mizizi iliyong'olewa. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hiki cha mji wangu mwenyewe. Wa maziwa wamekaa pamoja upande mmoja. Wa dagaa wako mbali kabisa, hata jina la aina yao ni jingine. Wa kuku wamegawanyika nyumba nne tofauti, kuku wa soko moja, siku moja, na bado ni wageni wao kwa wao. Wakati wowote mwingine ningelia kwa raha. Miezi mitatu ya shingo za kuku, na hiki ndicho nilichokuwa natafuta.

Nyama ya Mama Nyoni iko kwenye tawi lake peke yake. Haihusiani na mgonjwa hata mmoja, tofauti ni maelfu ya herufi.

Wagonjwa tisa wamekaa kwenye kijitawi kimoja, wamebanana. Katikati yao yupo K-17. Tofauti herufi moja, kwa wengine mbili, kwa Tekla hakuna.

Nilijua. Nilijua tangu chai ile, lakini kulisoma ni kitu kingine. Nikakaa bila kuambiwa.

Mkuu amefurahi. Amesema, kumbe kuku. Nikasema, sherehe haikuwa na kuku, kibichi kilikuwa matunda tu. Akafikiri. Ana akili, ndiyo shida. Akasema basi aliyekata matunda alikuwa ameshika kuku nyumbani kwake, hakunawa. Nani alikata? Nikasema Mama Tekla na wenzake. Akaandika. Akasema tutamsafisha yule mama wa nyama, na huyu tutampa elimu ya usafi, taarifa iende Ijumaa.

Kwa hiyo itaandikwa kwamba Mama Tekla alimlisha mwanawe uchafu wa mikono yake. Amelala sakafuni siku kumi na mbili. Ataisoma, au atasomewa, na atakubali. Hatauliza chochote.

Nilitoka ofisini bila kumtajia deli. Bado sijasema.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesema.

Nilikwenda saa moja na nusu asubuhi, kabla Mkuu hajavua koti. Nilimpa daftari la usafi limefunguliwa tarehe ishirini na barua niliyoandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Mfuko ulichanika. Jiki haikuwepo. Tiki ni yangu na si ya kweli. Deli niliazima bila ruhusa. Matunda yalimwagwa ndani. Nikaandika na ile simu ya Dar, kwa sababu kama ningeiacha ningekuwa nimeanza tena.

Alisoma mara mbili. Hakunigombeza, ningependelea anigombeze. Alisema mradi huu ulichukua miaka miwili kufika Songea. Alisema ukweli wa kisayansi tayari uko kwenye mti, nyama imesafishwa, je kuna haja ya deli kutajwa? Tunaweza kuandika chanzo hakikufahamika. Hakuna atakayelaumiwa.

Sitasema sikutamani. Nilitamani kwa mwili wote. Chanzo hakikufahamika. Maneno mawili tu na ningelala.

Nikasema, mzee, watu wa Msamala wataendelea kuchagua wenyewe nani alaumiwe, kama walivyochagua mwezi uliopita. Kisha akampigia simu Bwana Sefu aje.

Bwana Sefu alisoma barua akiwa amesimama. Akasema, dada, Mungu akulipe kwa kusema, na akusamehe kwa kuchelewa. Hivyohivyo, yote mawili kwa pamoja. Alikwenda mwenyewe kubandua ile karatasi mlangoni kwa Mama Nyoni.

Mimi nimeondolewa kwenye mradi. Kuanzia Jumatatu nipo dirisha la kupokea vikopo, mpaka barua ya utumishi ije. Sijui itasema nini.

Jumapili, 20 Julai

Jumuiya, nyumbani kwa mwenyekiti. Baada ya sala niliomba nafasi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nikaeleza tu. Deli, kuku, jiki, tiki. Nikasema nyama ya Mama Nyoni haikuwa na kosa. Nikasema Mama Tekla hakuwa na kosa. Nikasema ni mimi.

Niliwaeleza na koo za bakteria, na mfano wangu wa kina Komba, sijui kwa nini, nadhani nilitaka niendelee kuongea ili wasianze wao. Mwenyekiti, ambaye ni Komba, alisema taratibu kwamba hilo la kina Komba ameliona. Hakuna aliyecheka.

Mama Tekla aliinuka, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Ningependa angenitukana.

Mama Nyoni alikuwa amekaa kwenye benchi lake. Aliniuliza, ulijua lini? Nikasema tarehe saba. Akahesabu kwa vidole. Akasema, siku kumi mpaka karatasi ilipobanduliwa. Nikasema ndiyo. Akasema, mimi nilikuja kwako tarehe nne ukaniambia unaona si yangu, nikalala usingizi kwa neno lako. Kumbe siku tatu baadaye ulikuwa nalo lote mkononi. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

Nilisimama pale mpaka wimbo wa mwisho ukaanza. Kuna mtu alinisogezea kiti, sikuona ni nani.

Jumanne, 29 Julai

Banda liko wazi wiki ya pili. Nimepita. Wateja watatu, zamani wangekuwa wamesimama nje na sahani. Karatasi ya kufunga huonwa na mtaa mzima kwa siku moja, kubanduliwa kwake hakuna anayekuona. Bwana Sefu hupita pale kila jioni na kusimama mlangoni dakika tano, asiyekula anasimama ili wanaokula wamwone. Mimi sikuthubutu kuingia.

Barua ya utumishi: onyo la maandishi, mwaka mmoja bila kushika sampuli za nje. Nilitegemea kufukuzwa. Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali waliponifukuza.

Jiki imeletwa. Madumu sita.

Jumamosi, 9 Agosti

Mjukuu wa mwenyekiti amebatizwa leo. Jana mwenyekiti alipita na orodha ya kazi, nyumba kwa nyumba. Kwangu alisoma mlangoni. Nyama, Mama Nyoni. Wali, Mama Tekla na wenzake. Kuosha vyombo, Editha. Nilisubiri aongeze mtu wa pili. Hakuongeza, akakunja karatasi.

Nimefika saa kumi na mbili asubuhi na kuni zangu. Nimechemsha pipa zima. Nimeosha tangu saa moja hadi saa nane, mikono imekuwa myeupe. Watu walileta vyombo, wakaviweka chini, wakaondoka. Mama Tekla vyake alivituma kwa binti yake. Tekla alikaa kidogo juu ya kinu kilicholazwa, akanieleza habari za shule, mama yake akamwita, akaenda. Alimwita kwa jina tu, bila ukali. Nimelishika hilo.

Kabla ya kuanza kupika Mama Nyoni alikuja na sufuria yake kubwa, ile ya misiba, anayoiosha mwenyewe miaka yote na hajawahi kumpa mtu. Akasimama mbele yangu. Hatujasemezana tangu siku ile.

"Hayo maji yamechemka?"

"Yamechemka, mama."

Alitazama pipa mpaka akaona mapovu yenyewe. Kisha akaiweka sufuria miguuni pangu na kwenda kukata vitunguu.